Shule ya Kithai isiyobana ratiba: ipi inamfaa mgeni anayeanza kabisa?

Karibu kila shule ya Kithai mjini Bangkok inamwahidi mgeni jambo lilelile: njoo kwa wakati wako, ratiba yetu haibani. Ahadi hiyo inavutia, hasa kwa mwalimu wa Kiingereza anayetoka kazini saa kumi na nusu jioni, au kwa mfanyabiashara anayenunua nguo katika soko la Pratunam asiyejua kama wiki ijayo atakuwa Bangkok au Nairobi. Ila ukiuliza kwa undani, utakuta kila shule ina maana yake. Moja inamaanisha unaweza kuanza Jumatatu yoyote. Nyingine inamaanisha unaingia darasani saa yoyote na kumkuta mwalimu yeyote. Ya tatu inakuruhusu kusimamisha masomo kwa mwezi mzima bila kupoteza ada. Zipo pia chache zinazokuruhusu kurudia ngazi iliyokushinda, bure au kwa nusu bei.

Nautanguliza msimamo wangu, kwa sababu ulinganisho wote unaofuata umejengwa juu yake. Kwa anayeanza kabisa, ruhusa ya kusimamisha na kurudia ina thamani kubwa kuliko ruhusa ya kuingia saa yoyote. Miezi miwili ya kwanza jifunge kwenye saa maalumu, na ikiwezekana kwa mwalimu mmoja. Uhuru wa ratiba uutumie baadaye, ukishakuwa na masikio.

Kwa nini mwanzo ni tofauti

Kithai kina toni tano: ya kati, ya chini, inayoshuka, ya juu na inayopanda. Tena irabu fupi na irabu ndefu ni vitu viwili, na kubadilisha urefu kunabadilisha neno. Ukimwambia dereva wa teksi *klai* kwa sauti tambarare, umesema unakokwenda ni mbali. Ukiishusha sauti, umesema ni karibu. Kosa la namna hii haliwezi kusahihishwa na kitabu wala kamusi. Linasahihishwa na mtu aliyekaa mbele yako, anayekusimamisha kila mara unapokosea, siku baada ya siku, mpaka sikio lako lianze kusikia tofauti ambayo mwanzoni halikuisikia kabisa.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunaingia na faida zetu na mizigo yetu. Sauti ya *ng'* mwanzoni mwa neno, ambayo wanafunzi wengi wanaotoka kwenye Kiingereza huhangaika nayo kwa wiki kadhaa, kwetu ni ya ng'ombe na ng'ambo, haina kazi. Hata saa za jioni mtaani zinahesabiwa kwa namna tunayoijua: saa mbili usiku ni *song thum*, yaani mbili, na saa tatu ni *sam thum*, yaani tatu.

Mzigo wetu wa kwanza ni mwisho wa neno. Kithai kina silabi nyingi zinazofungwa na konsonanti ambayo haiachiliwi, mdomo unafunga na sauti inakatika hapohapo. Mswahili anaongeza irabu bila kujijua, na *khrap*, neno la adabu la wanaume, inakuwa "krapu". Silabi moja imekuwa mbili na toni imepotea. Mzigo wa pili ni kiimbo cha swali. Kwetu unaweza kugeuza taarifa kuwa swali kwa sauti tu: umekula, umekula? Kithai kinauliza kwa neno la swali, na toni za maneno mengine hubaki palepale. Ukipandisha sauti mwishoni kwa mazoea, unaharibu neno la mwisho. Ambao wamelelewa pia na lugha yenye toni, kama Kikuyu, Kinyarwanda, Kirundi au Kilingala, huwa mbele kidogo. Si kwamba toni hizo zinafanana na za Kithai, ila sikio limeshazoea kwamba kimo cha sauti kina maana.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kupima katika shule ni hili: je, kuna mtu atakayesikia irabu yako ya ziada na kiimbo chako cha swali, akakukatiza, na kesho akakumbuka kwamba hilo ndilo tatizo lako? Walimu wanaoshinda na wageni mwaka mzima huzoea Kithai kilichovunjika, nao watakuelewa hata ukikosea toni zote. Mlinzi wa jengo unalokaa na mama anayeuza wali wa kukaanga kona ya barabara hawana mazoea hayo.

Njia tano bega kwa bega

Bei zilizo hapa ni makadirio ya Bangkok kwa saa moja ya darasa. Hubadilika, na shule nyingi hutoa punguzo ukilipia kozi kadhaa kwa pamoja.

| | Kuanza | Ukikosa vipindi | Mwalimu | Bei kwa saa |
|---|---|---|---|---|
| Chuo kikuu | Tarehe maalumu tu | Darasa linaendelea bila wewe | Timu ileile kwa ngazi nzima | Zaidi ya baht 250 |
| Shule ya moduli | Kila baada ya wiki nne hivi | Unafidia kwa shida, au unarudia | Mara nyingi mmoja au wawili | Baht 100 hadi 200 |
| Kuingia saa yoyote | Siku yoyote | Saa zako zinakungoja | Hubadilika kila mara | Baht 100 hadi 200 |
| Kusikiliza kwanza | Siku yoyote | Hakuna kinachoharibika | Hubadilika | Video nyingi ni bure |
| Mwalimu binafsi | Mnavyokubaliana | Mnapanga upya, kwa taarifa | Wako peke yako | Baht 400 hadi 800 |

Jedwali linaonyesha umbo tu. Yanayoamua yako nje ya jedwali.

Chuo kikuu ndiyo njia isiyo na huruma na ratiba yako. Mfano unaojulikana zaidi ni Chulalongkorn, chuo kikuu kikongwe kuliko vyote Thailand, kilichoanzishwa mwaka 1917. Kozi yake ya Kithai cha haraka iko chini ya Kitivo cha Sanaa na ina ngazi tisa: tatu za mwanzo, tatu za kati na tatu za juu. Kila ngazi ni saa 100 zinazobanwa ndani ya wiki tano hivi. Ukiugua wiki moja umepoteza sehemu ya tano ya ngazi nzima. Nimeiweka hapa, japo mada yetu ni shule zisizobana, kwa sababu inafaa iwe kipimo cha kuzipimia nyingine. Mtu mwenye akiba na miezi mitatu mitupu hana sababu ya kuikwepa kwa kisingizio cha kutaka uhuru.

Shule za moduli, yaani zinazogawa kozi katika vipande vya wiki nne hivi, ndizo ningependekeza kwa wengi, na hapa nitakaa kidogo. Mtindo wenyewe ulipata sifa Bangkok kupitia Union, shule iliyojulikana kwa kuwafundisha wamisionari waliotakiwa kwenda kuhubiri kwa Kithai, si kuagiza chakula tu. Umbo lake lilikuwa saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki nne: saa 80 kwa moduli. Shule kadhaa za Bangkok zinafuata umbo hilohilo mpaka leo, nyingine zikipunguza hadi saa tatu kwa siku. Mara nyingi moduli za kwanza hutumia herufi za Kilatini zenye alama za toni, kisha kusoma na kuandika Kithai chenyewe kunaanza baadaye.

Zinabana, ndiyo, lakini zinabana kwa mwezi mmoja tu. Huo ndio ujanja wake. Ukimaliza moduli ya pili unaweza kusafiri miezi miwili, ukarudi, ukafanya mtihani mdogo wa kupangiwa ngazi na kuendelea na ya tatu. Uhuru wako uko kati ya moduli na moduli, na ndani ya moduli huna uhuru, jambo ambalo kwa toni ni jema. Darasa linakutana kila asubuhi, watu walewale, makosa yaleyale yakipigwa palepale.

Udhaifu upo. Asubuhi ndiyo saa ya kawaida, na mwenye ajira hawezi. Baadhi ya shule zina darasa la jioni la saa mbili, mara mbili au tatu kwa wiki, ila darasa hilo haliendi kwa kasi ile na mara nyingi halianzi mpaka wanafunzi watimie. Uliza ni wangapi wanaohitajika ili darasa lifunguliwe, na nini kinatokea wasipotimia. Uliza pia idadi ya juu. Darasa la watu watano hadi wanane linafaa. Likifika kumi na wawili, kila mmoja anabaki na dakika chache za kuzungumza kwa saa, na toni hazifundishiki kwa kuwasikiliza wenzako wakikosea.

Shule za kuingia saa yoyote ndizo zinazojitangaza kwa nguvu zaidi kuwa hazibani. Unanunua saa, kitabu ni kimoja, na madarasa yamepangwa ili ukurasa wowote uingilike. Nyingi hufundisha kwa Kithai tangu dakika ya kwanza: mwalimu anauliza, wewe unajibu kwa sentensi kamili, haraka, tena na tena. Hilo ni jema kuliko linavyosikika. Kwa mwanafunzi kutoka Bujumbura au Lubumbashi, ambaye lugha yake ya shule ilikuwa Kifaransa, darasa lisiloeleza kila kitu kwa Kiingereza linamwondolea mzigo wa kujifunza lugha moja kwa kupitia nyingine asiyoimudu.

Tatizo ni mwanzoni. Leo umemkuta mwalimu anayekusahihisha toni, kesho mwingine anayeridhika ukieleweka. Jirani yako leo yuko sura ya tatu, kesho umekaa na mtu wa sura ya kumi anayejibu kabla hujafikiri. Hakuna anayekufahamu vya kutosha kusema "wewe shida yako ni mwisho wa neno". Na kwa kuwa hakuna kinachoharibika usipokuja leo, siku za kutokuja huongezeka zenyewe. Njia hii naiona nzuri sana kwa mtu aliyeshafika saa mia au zaidi, anayetaka kuendelea kuzungumza huku kazi yake ikibadilika kila wiki. Kwa mwanzo kabisa, hapana.

Kusikiliza kwanza ni mbinu iliyozaliwa Bangkok penyewe. Mwanaisimu J. Marvin Brown aliianzisha katika kituo cha lugha cha AUA mwaka 1984, na inajulikana kwa kifupi cha ALG (Automatic Language Growth). Walimu, mara nyingi wawili, wanasimulia, wanachora, wanaigiza, kwa Kithai kitupu. Mwanafunzi anakaa na kuelewa, hatakiwi kusema chochote kwa mamia ya saa. Hoja yake ni kwamba anayelazimishwa kutamka kabla sikio halijakomaa anajizoesha makosa, na makosa hayo yanakaa.

Kwa upande wa ratiba hakuna njia huru kuliko hii. Leo video za walimu wa mtindo huu zimejaa mtandaoni bila malipo. Chaneli ya Comprehensible Thai kwenye YouTube ina mamia ya saa, zikiwa zimepangwa kuanzia ngazi ya asiyejua neno. Lakini nani anaweza kukaa Bangkok miezi sita bila kuomba maji? Mgeni anayeishi pale anahitaji kusema wiki ya kwanza. Kwa hiyo ningeitumia pamoja na njia nyingine, nusu saa kila jioni, na hasa kabla ya safari. Mtu aliyeko Mombasa au Mwanza akianza kusikiliza miezi miwili kabla ya kupanda ndege, atafika darasani tayari anasikia kwamba toni zinatofautiana, hata kama hawezi kuzitoa.

Mwalimu binafsi, ana kwa ana au mtandaoni, hubeba uhuru wote na pia usikivu wote, ndiyo maana bei yake iko juu. Kuna mambo mawili ambayo watu huyasahau. Kwanza, si kila Mthai mwenye urafiki na muda ni mwalimu. Anayefaa ni yule anayeweza kukueleza kwa nini silabi fulani inashuka, yaani anayejua madaraja matatu ya konsonanti na jinsi yanavyoamua toni pamoja na urefu wa irabu na alama. Pili, tofauti ya saa. Bangkok iko saa nne mbele ya Afrika Mashariki. Ukiwa Dar es Salaam na unataka somo saa mbili usiku baada ya kazi, kwa mwalimu wako ni saa sita usiku. Itabidi uwe mtu wa alfajiri, au wa mapumziko ya mchana.

Hesabu ya saa, kabla ya kupendezwa na neno "saa nne kwa wiki"

FSI, taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake, inakadiria Kithai kuwa kinahitaji wiki 44 za darasa, zaidi ya saa 1,000, ili mtu afikie kiwango cha kufanya kazi kwa lugha hiyo. Kiswahili wamekiwekea wiki 36, zaidi ya saa 800. Huhitaji kufika huko ili uishi vizuri Bangkok, lakini namba hiyo inasaidia kusoma matangazo. Programu nyingi zinazouzwa pamoja na viza ni za saa chache, mara nyingi nne kwa wiki. Kwa mwendo huo saa 1,000 tu zinachukua wiki 250, karibu miaka mitano. Kwa saa 20 kwa wiki ni wiki 50.

Na mwanzoni pengo linauma zaidi. Wiki nane za saa nne ni saa 32. Wiki nane za saa 15 ni saa 120. Wa kwanza bado anatafuta neno la kuomba bili. Wa pili anabishana bei sokoni. Kisha wa pili anaweza kupunguza hadi saa nne kwa wiki na asirudi nyuma sana, kwa sababu mtaa wenyewe umeshakuwa darasa lake. Wa kwanza mtaa bado haujamfungukia.

Viza haisimami hata shule ikisimama

Hapa ndipo wageni wengi huumia, na ndiyo sababu siwezi kulinganisha shule bila kugusa uhamiaji. Anayekaa kwa ajili ya kusoma hutumia viza ya aina ya ED. Shule lazima iwe na kibali cha Wizara ya Elimu ya Thailand kama shule binafsi, na ndiyo inayokuandalia hati za kuombea. Kwa kozi za lugha za namna hii kwa kawaida unaingia kwa siku 90, kisha unaomba kuongezewa kwa baht 1,900 kila mara. Ofisa anaweza kukuuliza maswali mepesi kwa Kithai. Anayejibu kwa kunyamaza baada ya miezi sita ya "masomo" anajiletea matatizo.

Sasa fikiria shule inayokuruhusu kusimamisha masomo miezi miwili. Ada yako imesimama, sawa. Ukaaji wako nchini haujasimama. Ukitoka Thailand bila kibali cha kurudi, baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi, ukaaji uliokuwa nao umekwisha siku uliyopita uwanja wa ndege. Na ukibaki nchini bila kuhudhuria, mahudhurio yako ndiyo ushahidi wa kwanza utakaoangaliwa. Kuna pia taarifa ya kila siku 90 ya mahali unapoishi, na taarifa ya mwenye nyumba kwamba anakaa na mgeni, ambayo anatakiwa kuitoa ndani ya saa 24 baada ya wewe kufika. Muulize mwenye nyumba mapema kama huwa anafanya hivyo. Ukipitiliza siku zako, faini ni baht 500 kwa siku hadi kikomo cha baht 20,000, na wanaokaa muda mrefu hupigwa marufuku kurudi.

Viza ya ED pia hairuhusu kufanya kazi. Wenzetu wanaokuja kufundisha Kiingereza wakiwa na viza ya kazi na kibali chake hawaihitaji hata kidogo, na hilo linawafungulia mlango mkubwa: wanaweza kuchagua shule au mwalimu kwa ubora tu, bila kujali nani anaandika barua za uhamiaji. Ni vivyo hivyo kwa aliyeolewa au kuoa Thailand na kuishi kwa viza ya familia.

Jambo moja la njiani kwa anayetoka kwetu: Thailand inataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Kiweke pamoja na pasipoti, si ndani ya sanduku.

Nani achukue ipi

Mwalimu wa Kiingereza katika shule ya watoto wa Thailand ana kalenda inayomsaidia. Mwaka wa shule unaanza katikati ya Mei na unaisha Machi, kwa hiyo ana likizo ndefu ya joto. Atumie moduli moja au mbili kali katika likizo hiyo, akikumbuka kwamba Songkran, kati ya tarehe 13 na 15 Aprili, hufunga karibu kila kitu. Muhula ukifunguliwa, ahamie kwa mwalimu binafsi mara moja au mbili kwa wiki, au kwenye shule ya kuingia saa yoyote. Kwa mpango huu neno "isiyobana" linapata maana halisi.

Mfanyabiashara wa vito anayetoka Arusha au Tunduru, anayekaa Bangkok wiki tatu, akienda soko la Chanthaburi mwisho wa wiki, hana haja ya shule yenye mkataba wa mwaka. Mwalimu binafsi anamtosha, na somo la kwanza liwe namba. Namba za Kithai zina mpangilio mzuri, na kama sisi wana neno moja la laki, *saen*. Wana pia neno moja la elfu kumi, *muen*, na hapo ndipo mgeni anapochanganya bei. Akirudi nyumbani aendelee mtandaoni na mwalimu yuleyule. Kwake, kutobadilisha mwalimu ndiko kunakofanya kazi ya kutobadilisha darasa.

Mwanafunzi kijana aliye na akiba ya mwaka mmoja na hana kazi, aende moduli, saa 15 au 20 kwa wiki, na aombe viza ya ED kupitia shule hiyohiyo. Asidanganyike na kifurushi cha mwaka cha saa nne kwa wiki kwa sababu tu ni rahisi kulipia.

Anayeishi Chiang Mai atapata maisha ya bei nafuu zaidi na ana pa kusoma kwa uzito, ikiwemo taasisi ya lugha ya Chuo Kikuu cha Chiang Mai na Chuo Kikuu cha Payap. Ajue mambo mawili. Mtaani watu wa kaskazini huzungumza kammuang baina yao, na darasani anafundishwa Kithai cha kati, kwa hiyo sikio litachelewa kidogo kufurahia. Na kati ya Februari na Aprili moshi wa mashamba na misitu inayochomwa hujaza bonde. Mwenye pumu apange moduli zake nje ya miezi hiyo.

Maswali ya kupeleka mapokezi

Omba somo la majaribio, na ukiwa ndani usimwangalie mwalimu tu, mwangalie mwanafunzi aliyekosea. Je, alisahihishwa? Mara ngapi kabla ya kuachwa? Darasa ambalo kila mtu anasifiwa halitakusaidia.

Uliza maandishi yanaanza lini. Herufi za Kilatini za mwanzoni si dhambi, mradi zionyeshe toni na urefu wa irabu. Zile unazoziona kwenye mabango ya barabara hazionyeshi lolote kati ya hayo mawili, na wakati mwingine zinafuata tahajia kuliko matamshi: uwanja wa ndege unaoandikwa Suvarnabhumi hutamkwa karibu na "Suwannaphum". Shule ambayo baada ya miezi mitatu bado haijagusa konsonanti 44 za Kithai inakuchelewesha, kwa sababu kanuni za toni zimo ndani ya maandishi yenyewe.

Uliza kwa maandishi, si kwa mdomo: nikikosa vipindi vinne, nafidia vipi? Nikitaka kurudia moduli, nalipa kiasi gani? Naweza kusimamisha kwa muda gani, na mtawaandikia nini uhamiaji? Saa nilizonunua zinaisha lini? Darasa lisipofunguliwa, fedha inarudi ndani ya siku ngapi? Shule inayojiamini hujibu haya kwa barua pepe siku hiyohiyo.

Kisha tazama ramani. Shule iliyo hatua chache kutoka kituo cha treni za mjini, BTS au MRT, kama pale Asok ambapo njia hizo mbili zinakutana, itakuona darasani hata mvua za Septemba zikishuka saa kumi na moja jioni na barabara zikasimama. Shule nzuri iliyo dakika arobaini kwa basi kutoka kituo cha mwisho utaiacha kabla ya mwezi kuisha.

Na malipo: lipia moduli moja tu, au saa zisizozidi thelathini, hata ukionyeshwa punguzo la mwaka mzima. Mwisho wa moduli hiyo nenda kwa mtu asiyekuzoea, dereva wa pikipiki au muuza matunda, umuulize njia na bei. Akikuelewa mara ya kwanza, rudi ulipie inayofuata. Asipokuelewa, rudia moduli ileile kabla ya kununua mpya.